Uvute tela kwa gia gani? Mwongozo kwa madereva wa Prado, Hilux na Land Cruiser

Tela la kambi au karavani ndogo ya kilo 1,500 si mzigo wa kuitisha Prado ya dizeli wala Land Cruiser pickup. Injini zinaumudu. Vinavyokufa njiani ni giaboksi, klachi na breki, na ukichunguza chanzo mara nyingi utakikuta kwenye mkono wa gia. Dereva aliuacha kwenye D kutoka Kibaha mpaka Ruaha Mbuyuni, akaupanda mlima Kitonga na gia nyepesi mpaka injini ikaanza kutetemeka, na siku ya kurudi akauteremka mlima uleule mguu ukiwa juu ya breki mwanzo mwisho.

Humu "gia nzito" ni zile za namba ndogo (1, 2, 3) na "gia nyepesi" ni za namba kubwa. Gia sahihi ya kuvutia ni ile inayoiweka injini kwenye mizunguko ambako torki yake (nguvu ya kuzungusha) ipo. Gia sahihi ya kuteremkia ni ile inayolishika gari bila breki kufanya kazi yote. Zote mbili huchaguliwa kabla mlima haujaanza. Ukishafika katikati ya mteremko umechelewa.

Hatua ya 1: Zijue namba za gari lako

Unahitaji namba nne: mizunguko ambako injini hutoa torki kubwa, uwiano wa kila gia (injini huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa shafti ya kutoka), uwiano wa difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu), na mzingo wa tairi. Kitabu cha gari kinazo, na fundi mzuri anazijua. Ukishazipata, piga hesabu hii mara moja kisha ibandike karatasi kwenye dashibodi:

spidi (km kwa saa) × 1,000 ÷ 60 ÷ mzingo wa tairi kwa mita × difu × uwiano wa gia = mizunguko ya injini kwa dakika

Chukua Prado yenye injini ya dizeli iitwayo 1KD na giaboksi ya otomatiki ya gia 5. Torki yake, Nm 410, hupatikana kati ya mizunguko 1,600 na 2,800. Gia zake ni 3.520, 2.042, 1.400, 1.000 na 0.716. Ikiwa difu ni 3.909 na mzingo wa tairi ni mita 2.4, unapata hivi:

- Spidi 80, gia ya 5: mizunguko kama 1,560
- Spidi 80, gia ya 4: kama 2,170
- Spidi 60, gia ya 4: kama 1,630
- Spidi 60, gia ya 3: kama 2,280
- Spidi 40, gia ya 3: kama 1,520
- Spidi 40, gia ya 2: kama 2,220

Tazama mstari wa kwanza. Kwa spidi 80, ambayo ndiyo spidi ya busara ukiwa na tela, gia ya 5 inaiweka injini chini ya mahali torki inapoanzia. Ukiongeza mafuta haina cha kukupa, kwa hiyo giaboksi inashuka gia ya 4, gari linachangamka, giaboksi inarudi ya 5, gari linachoka, inashuka tena. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia, tena kwenye barabara tambarare kabisa.

Land Cruiser pickup yenye 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), ina hesabu tofauti. Torki ni Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Gia zake tano za mkono ni 4.081, 2.294, 1.490, 1.000 na 0.881. Kwa difu ya 4.1 na tairi za 7.50R16 (mzingo wa mita 2.5 hivi), spidi 80 kwenye gia ya 4 ni mizunguko 2,190, yaani pale pale penye kilele cha torki. Anayelazimisha gia ya 5 akiwa na tela anaikimbia nguvu ya injini yake mwenyewe.

Injini za petroli zinataka mizunguko zaidi. Ile 2TR ya lita 2.7 iliyo kwenye Prado na Hilux nyingi hufikia torki yake ya juu karibu na mizunguko 3,800. Wengi huona aibu injini ikilia na kuhisi wanaitesa. Kuipandisha mlima kwa 3,500 si kosa hata kidogo. Kuibembeleza kwa 1,800 huku pedali ya mafuta imefika sakafuni ndiko kuitesa.

Hatua ya 2: Ifunge gia ya juu kabisa

Vitabu vya magari mengi ya Toyota vinasema wazi kwamba gia ya juu isitumike ukiwa na tela. Sababu ziko mbili, na hazifanani.

Kwenye gia za mkono, gia ya 4 ya giaboksi hizi ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingia na ya kutoka hufungwa pamoja na nguvu hupita bila kupitia meno ya shafti ya pembeni. Ukiweka gia ya 5, nguvu yote inapita kwenye jozi mbili za meno na beringi zake. Bila mzigo haina neno. Ukiwa na tela kwa saa nne mfululizo, meno ya gia ya 5 yanakuwa ndiyo yanayobeba kila kitu, mafuta ya giaboksi yanachemka, na baada ya muda gia hiyo inaanza kuvuma au kuchomoka yenyewe.

Kwenye otomatiki adui ni joto. Torki konvata, kiungo kati ya injini na giaboksi, hupeleka nguvu kwa kusukuma mafuta, na inapokuwa haijajifunga huwa inateleza kidogo; kila mteleze ni joto linaloingia kwenye mafuta ya giaboksi. Gia inapobadilika, klachi za ndani nazo huteleza kwa nusu sekunde hivi. Giaboksi inayopanda na kushuka kila baada ya dakika inazikausha klachi hizo siku nzima.

Namna ya kuifunga inategemea gari:

- Prado na Hilux za miaka ya karibuni: vuta mkono wa gia kwenye S, kisha chagua 4. Kwenye zile za gia 6 za otomatiki chagua 4 pia, kwa sababu gia ya 5 na ya 6 zote ni nyepesi kuliko 1.000 (0.687 na 0.580).
- Prado za mkono wa gia wenye D, 4, 3, 2, L: shusha mpaka 4.
- Otomatiki za gia 4: bonyeza kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kilicho ubavuni mwa mkono wa gia. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka kwenye dashibodi, gia ya 4 imefungwa na unabaki na 1 mpaka 3. Taa hiyo inatakiwa iwake. Kuna madereva wanaoiona wakaizima wakidhani ni hitilafu.

Jambo linalochanganya wengi: kwenye Toyota hizi, namba unayoiona pembeni ya S ni ya gia ya juu inayoruhusiwa. S4 inamaanisha giaboksi iko huru kuchagua kati ya 1 na 4. Haimaanishi kwamba iko gia ya 4. Ukiwa S4 mlimani na gari likashuka gia ya 3, halijaharibika.

Kitufe cha PWR kibonyeze kama kipo. Hakiongezi nguvu ya injini. Kinachelewesha kupanda kwa gia, na hilo ndilo unalolitaka.

Hatua ya 3: Kuondoka

Kwenye gia za mkono anza na gia ya 1 kila mara, hata kama bila tela umezoea kuondoka na ya 2. Achia klachi yote mapema iwezekanavyo, ndani ya mita mbili tatu za mwanzo, kisha ndipo uongeze mafuta. Klachi inaungua pale inapokuwa nusu imeshika nusu imeachia. Ukisikia harufu kama ya breki mpya zinazoungua, simama, acha ipoe dakika 15, usirudie palepale.

Kwenye kilima gari lishikwe na hendibreki. Dereva wa otomatiki anayelishika kwa kugusa mafuta kidogo kidogo anapika mafuta ya giaboksi kwa kasi isiyo ya kawaida: injini inazungusha, magurudumu yamesimama, na nguvu yote inageuka joto ndani ya torki konvata.

Kurudi nyuma kwa kupanda, kwa mfano kuingiza tela kwenye kiwanja cha kambi, fanya na L4 (magurudumu manne, gia nzito) kama ni udongo au changarawe. Gari linatambaa bila klachi kuteseka na unapata muda wa kuangalia vioo. Kwenye lami kavu yenye kona, Hilux na Land Cruiser pickup zisiwekwe magurudumu manne: mfumo wake hauna difu ya katikati, kwa hiyo propela shafti zinajikaza na kitu kinavunjika.

Hatua ya 4: Barabara tambarare

Hapa hakuna mengi. S4 au gia ya 4, spidi 80, kruzi kontroli izimwe mara vilima vinapoanza kwa sababu yenyewe haioni mbele. Inasubiri spidi ipungue ndipo ikanyage mafuta mpaka mwisho. Upepo wa mbele uhesabu kama mlima. Nguvu ya kupasua hewa inaongezeka kwa mchemraba wa spidi, kwa hiyo kutoka 80 kwenda 100 hewa peke yake inadai karibu mara mbili ya nguvu. Karavani yenye uso mpana itakuonyesha hilo kwenye mita ya mafuta kabla hujafika Morogoro.

Hatua ya 5: Kupanda

Shusha gia ukiwa bado na mwendo. Unapouona mlima, na mizunguko bado iko 2,200, ingiza gia moja nzito zaidi. Injini iruke mpaka karibu 2,800 au 3,000 na ianze kupanda ikiwa na akiba. Anayesubiri mpaka mizunguko ishuke 1,400 atapangua gia mbili kwa pamoja, na kwa gia za mkono gari litakuwa limeshasimama kabla klachi haijaachiwa.

Kwa nini isipandwe na gia nyepesi? Tuchukue gari na tela vyenye jumla ya kilo 4,000 kwenye mlima wa asilimia 8, yaani mita 8 za kupanda kwa kila mita 100. Kwa spidi 60, magurudumu yanadai kilowati kama 70. Prado yetu kwenye gia ya 4 ingekuwa kwenye mizunguko 1,630 na hata ukikanyaga mafuta yote inatoa kama kilowati 59 kwenye magurudumu baada ya kilichopotea njiani. Haitoshi. Gia ya 3, mizunguko 2,280, inatoa zaidi ya 80. Gari lilelile, injini ileile, spidi ileile. Tofauti ni gia.

Sasa 1HZ. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo kwenye mita 2,000, kama ilivyo milima ya juu ya Bonde la Ufa kule Limuru na Mai Mahiu, asilimia 20 imeshakwenda. Kwa spidi 60 kwenye gia ya 3 haiwezi mlima huu. Kwa spidi 40 kwenye gia ya 2, mizunguko kama 2,500, mahitaji yanashuka mpaka kilowati 43 hivi na injini inazo. Hivyo gari hilo lipande kwa 40. Malori yanapanda kwa 15 nyuma yako, hakuna anayekusukuma. Ukiona foleni imejipanga, tafuta pa kukaa pembeni uwapishe.

Otomatiki mlimani: shusha S3 kabla ya mlima na uiache hapo mpaka kileleni. Usiiache S4 ikihangaika kati ya 3 na 4. Ikiwa hata S3 inashuka 2 na kurudi, funga S2 na upunguze spidi mpaka mizunguko itulie chini ya 3,000 kwa dizeli.

Mshale wa joto la injini ukianza kupanda, wengi huingiza gia nyepesi ili "injini ipumzike". Ni kinyume. Pampu ya maji na feni huzungushwa na injini yenyewe. Ukipunguza mizunguko umepunguza maji na hewa inayopita kwenye rejeta, wakati mzigo ni uleule. Shusha gia moja, achia mafuta kidogo ili spidi ipungue, zima AC. Kama mshale haurudi ndani ya dakika mbili, fungulia hita kwa nguvu zote, tafuta pa kusimama, acha injini iungurume polepole bila kuizima.

Hatua ya 6: Kuteremka

Hapa ndipo watu wanapopoteza magari. Kilo 4,000 zikiteremka asilimia 8 kwa spidi 40, mvutano wa ardhi unaliingizia gari kilowati 26 hivi mfululizo, baada ya kutoa msuguano wa tairi na hewa. Ni joto la zaidi ya pasi 20 za umeme zilizowashwa kwa pamoja, na lazima liende mahali: injini au breki. Breki zikilibeba lote, pedi zinapita joto lao na kupoteza mshiko, kisha mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama bila kushika. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Unyevu unaingia wenyewe kwa miaka, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kabla ya kilele, punguza mpaka spidi unayotaka kuteremkia. Kwa Kitonga, kwa mteremko wa Mai Mahiu au barabara ya kona ya Lushoto kuja Mombo, anza na 40 ukiwa na tela la kilo 1,500. Barabara ikiwa imelowa, 30.

Ingiza gia ukiwa bado juu. Mwanzo mzuri ni gia ambayo ungepandia mlima huohuo kwa spidi hiyohiyo ya 40. Kwa Prado na kwa 1HZ hiyo ni ya 2. Kwa dizeli, kama huna uhakika, shuka moja zaidi. Wengi wanaamini dizeli ina breki kali ya injini kwa sababu kompresheni yake ni kubwa, lakini hewa iliyobanwa inasukuma pistoni kurudi na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Petroli, ambayo huzibwa hewa unapoachia pedali, mara nyingi inashika zaidi kwa ukubwa uleule wa injini.

Achia mafuta, usiguse breki, hesabu mpaka kumi. Spidi ikibaki ilipo au ikipanda polepole, gia ni sahihi. Ikikimbia kutoka 40 kwenda 50 kabla hujamaliza kuhesabu, gia ni nyepesi: kanyaga breki kwa nguvu urudi mpaka 25, kisha shusha gia.

Breki zitumike kwa vipindi. Acha gari lifike 45, kanyaga kwa uthabiti mpaka 35, achia kabisa. Kuigusa breki kidogo muda wote ndiko kunakozipika, kwa sababu haipati hata sekunde ya kupoa. Ukijikuta unakanyaga tena kabla sekunde 20 hazijapita, gia yako ni nyepesi mno.

Mizunguko ipande bila woga. Prado kwenye gia ya 2 kwa spidi 50 iko kama 2,770, na kwa 60 iko 3,330. Injini italia, na haipati madhara mradi usivuke mstari mwekundu.

Kwenye gia za mkono usijaribu kushusha gia gari likiwa limeshakimbia. Ukikanyaga klachi umeiachia injini mkono. Meno yakikataa kuingia, uko kwenye nyutro na tani nne nyuma yako, na gia uliyotoka nayo haiwezi kuingia tena. Otomatiki za kisasa zitakukatalia kwa mlio wa onyo iwapo mizunguko itapita kiasi. Hapo ni breki kwanza, gia baadaye.

Otomatiki za zamani za gia 4 zina jambo jingine. Zikiwa D, gia ya 1 na ya 2 hufanya kazi kupitia klachi ya upande mmoja: injini inaweza kusukuma magurudumu lakini magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Kwa hiyo gari linaweza kuwa gia ya 2 na lisishike kabisa mteremkoni. Ni lazima mkono wa gia uwekwe kwenye 2 au L wenyewe ndipo klachi nyingine ifunge na breki ya injini ipatikane.

Kuhusu nyutro. Kile kipande cha Salgaa na Sachangwan, kati ya Nakuru na Eldoret, kilijipatia sifa mbaya kwa malori yaliyoteremka na nyutro kuokoa dizeli. Hata hesabu ya mafuta haiungi mkono tabia hiyo: ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye pedali, injini za kisasa hukata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, injini inaanza kunywa tena ili isizime.

Breki za tela zina tabia zake. Zile za msukumo, zinazofanya kazi tela linapolisukuma gari, zinashika pia unapotumia breki ya injini. Kwenye mteremko mrefu zinakuwa zimeshika kidogo muda wote na ngoma zake zinapata moto. Ndiyo sababu ya spidi ndogo, na ndiyo sababu ya kusimama katikati kama mteremko unazidi kilomita tano sita. Zile za umeme dereva huzirekebisha. Ziongeze kidogo kabla ya kushuka, na uzijaribu juu kabla ya kona ya kwanza. Tela lisilo na breki kabisa libaki chini ya kilo 750.

Barabara ikiwa na tope au imelowa, usishushe gia ghafla. Breki ya injini inafanya kazi kwenye magurudumu ya nyuma tu kama gari haliko magurudumu manne. Yakiteleza, tela linaendelea na safari yake na kusukuma mkia wa gari pembeni. Achia klachi taratibu, gari likiwa limenyooka, kamwe si ndani ya kona. Kwenye changarawe na tope weka H4 (magurudumu manne, gia za kawaida), na kwenye mteremko mkali wa udongo weka L4 gia ya 2 au ya 3.

Ukifika chini usisimame papo hapo na kuvuta hendibreki. Tembea kilomita moja mbili bila breki, hewa ipooze diski. Halafu simama, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu la gari na la tela bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mwenzake, breki yake imeng'ang'ania au beringi inakwenda.

Hatua ya 7: Lichunge joto la giaboksi

Magari mengi hayana mshale wa joto la mafuta ya giaboksi, na taa ya onyo huwaka wakati mambo yameshaharibika. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (ile mafundi wanayopimia gari kwa kompyuta), pamoja na programu ya simu, kitakusomea kwenye magari mengi. Nyuzi 80 mpaka 100 ni kawaida. Ikifika 110, shusha gia moja na upunguze spidi. Ikifika 120, simama, weka P, acha injini izunguke 1,200 hivi kwa dakika kumi. Usiizime, kwa sababu pampu inayopeleka mafuta kwenye kipozeo huzungushwa na injini.

Anayevuta tela mara kwa mara afunge kipozeo cha ziada mbele ya rejeta, mafuta yapitie kwenye rejeta kwanza kisha kwenye kipozeo. Mafuta yenyewe yabadilishwe kila kilomita 40,000 mpaka 60,000. Kufungulia nati ya chini kunatoa kama theluthi tu, kwa hiyo kazi inataka kurudiwa mara mbili tatu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Giaboksi inayotaka mafuta ya Toyota WS ikiwekewa yale ya T-IV itatembea, lakini gia huenda zikaanza kuingia kwa kishindo.

Dalili na maana yake

Mafuta ya giaboksi yakiwa na rangi ya kahawia na harufu ya kuungua: klachi za ndani zimepata joto, na kubadili mafuta peke yake huenda kusitoshe. Mizunguko ikipanda bila spidi kuongezeka kwenye gia za mkono: klachi inateleza, jaribu gia ya 4 kwa spidi 50 na ukanyage mafuta yote, sindano ikiruka peke yake imekwisha. Gari likikoroma na dashibodi kutikisika chini ya mizunguko 1,400: unavuta na gia nyepesi, shusha. Mvumo kwenye gia ya 5 tu: meno au beringi zake zimechoka, vuta kwa ya 4 mpaka ufike kwa fundi. Pedali ya breki ikizama baada ya mteremko na kurudi ikipoa: mafuta ya breki yamechemka, yatoe yote uweke mapya kabla ya safari nyingine.

Magari ya CVT na ya Marekani

X-Trail, Forester na nyinginezo zenye CVT hazina gia za kweli. Zina mkanda au mnyororo kati ya puli mbili, na huteseka haraka chini ya mzigo. Soma kikomo cha uzito kwenye kitabu na ukiheshimu. Mlimani na mteremkoni tumia L au hatua za mkono, ili puli zibaki sehemu moja.

Aliyeko Marekani na F-150, Silverado au Tundra ana kitufe cha Tow/Haul, na akibonyeze mara tela linapofungwa. Kinachelewesha kupanda kwa gia, na kwenye magari mengi hushusha gia chenyewe unapogusa breki mteremkoni. Hata hivyo hakijui mteremko una urefu gani. Kwenye I-70 ya Colorado, ukitokea Handaki la Eisenhower lililo mita 3,400 juu ya bahari, kuna kilomita nyingi za asilimia 6 na 7. Funga gia kwa mkono ukiwa bado ndani ya handaki, ukianza na spidi ndogo, si ile iliyoandikwa kwa ajili ya magari madogo.